Mawingu ya Julai Hayana Mvua

Wahenga wamesema dalili ya mvua ni mawingu. Lakini mtu akiuchukua msemo huu hadi Athi River, kwenye viwanda vya EPZ, mwezi wa Julai, utamwangusha. Wafanyakazi huingia langoni alfajiri wamevaa makoti, mbingu imeziba, jua halionekani mpaka adhuhuri, na mvua ya maana hainyeshi. Je, mawingu yasema uwongo?

Mawingu hayana kosa. Sisi ndio tumeacha kuuliza habari za upepo. Chuoni tulifundishwa kwamba pepo hutangulia mvua kama wabashiri, na mabaharia wetu waliijua elimu hiyo kwa vitendo.

Nchi kavu hushika joto upesi kuliko bahari, na kupoa hupoa upesi vilevile. Desemba hadi Machi bara la Asia huwa baridi, na hewa yake nzito hutiririka kuja kwetu. Hiyo ndiyo kaskazi, iliyoleta majahazi ya Uarabuni na Bara Hindi. Kuanzia Aprili Asia hupata joto, hewa yake hupanda, na upepo wa kusi huvutwa kutoka ng'ambo ya ikweta kwenda kujaza nafasi. Huo ndio uliowarudisha manahodha kwao. Neno letu msimu lina asili ya Kiarabu, na Wazungu nao walilichukua wakaziitia pepo hizi hizi.

Mvua kubwa hunyesha pepo hizi zinapopishana: masika, Machi hadi Mei, na vuli, Oktoba hadi Desemba. Hapo hewa ya pande mbili hukutana, ikawa haina pa kwenda ila juu. Ikifika juu hupoa na kumwaga maji. Julai hali ni nyingine. Kusi hupita sambamba na pwani, likipeleka unyevu wake India. Athi River hubakiwa na hewa ya baridi, na juu yake hewa kavu imeikalia kama kifuniko juu ya chungu. Wingu halipandi, basi halinyeshi.

Haya yanamhusu nini mshona nguo? Tangu sheria ya EPZ ya 1990, Athi River imekusanya watu wa kila upande, na wengi hutuma sehemu ya mshahara nyumbani kununulia mbegu. Shuleni tumezoeshwa kuiita masika mvua kubwa na vuli mvua ndogo. Kwa Ukambani hesabu hiyo yapotosha, maana wakulima wengi wa huko huitegemea zaidi vuli. Nayo vuli hufuata bahari: upande wetu wa Bahari ya Hindi ukipata joto kupita kawaida, mvua hufurika, kama mwaka 1961, 1997 na 2019, ukipoa, huwa haba. Kati ya 2020 na 2022 misimu mitano ilifuatana bila mvua ya kutosha, na mbegu zikaozea ardhini.

Idara ya Hali ya Hewa hutoa utabiri kabla ya kila msimu. Naona yafaa ubandikwe kwenye malango ya viwanda, kwa Kiswahili na Kikamba, kabla ya siku ya mshahara wa Septemba. Shilingi ya kibarua ni ngumu kupatikana. Isizikwe shambani kwa kudanganywa na wingu. Kabla ya kuituma, aulize kwanza: upepo umegeuka?