Tusinunue Pampu kwa Ugonjwa wa Mfuniko

Ndugu Wanachama,

Lori letu limeanza tena kukosa nguvu milimani, na limeletwa mbele ya Kamati shauri la kulinunulia pampu nyengine ya dizeli kabla ya msimu wa karafuu. Sisi katika ofisi ya Katibu twalipinga shauri hilo, na ni haki yenu kuelezwa sababu, ingawa kuzieleza kwatubidi kukiri kosa letu wenyewe.

Mnakumbuka kwamba mwezi wa Agosti 2024 lori lilipeleka karafuu na mafuta ya makonyo kwenye maonyesho ya Nane Nane, viwanja vya Nzuguni, Dodoma. Lilipopita Gairo likaanza kulegea, na lilipofika Kibaigwa likazimika. Likipumzishwa nusu saa huwaka; likenda maili chache huzimika tena. Fundi mmoja akasema pampu imekufa. Nasi, kwa haraka ya kuwahi maonyesho, tukaidhinisha fedha kwa simu bila ya kuuliza swali hata moja. Pampu mpya ikafungwa, gari likenda maili zile zile, likazimika kama kwanza.

Aliyeujua ugonjwa ni dereva mmoja mzee wa malori ya mahindi. Hakushika spana. Alifungua mfuniko wa tangi, na wote waliokuwapo wakasikia hewa ikivutwa ndani kwa mlio. Kitundu cha pumzi kilikuwa kimezibwa na vumbi. Mafuta yakitoka tangini na hewa isiingie kushika nafasi yake, mwisho pampu huvuta isipate kitu. Gari likisimama, hewa hujipenyeza kidogo kidogo, na ndiyo sababu lilikuwa likiwaka tena. Kitundu kikazibuliwa kwa sindano, na Dodoma tukafika. Wahenga wamesema usipoziba ufa utajenga ukuta. Sisi hatukuzibua tundu, tukanunua pampu.

Kibaigwa imo katika wilaya ya Kongwa, na Kongwa yenyewe ni somo. Mwaka 1947 Waingereza walianza huko mradi mkubwa wa karanga. Matrekta yaliletwa, mengi yao makuukuu yaliyobaki na vita, kabla ya karakana na vipuri vya kutosha. Haukupita mwaka, mengi yakawa yamelala. Mradi ukaachwa mwaka 1951, na mamilioni ya pauni yakapotea. Uchache wa mvua na ugumu wa udongo vilikuwamo pia katika khasara ile. Lakini mashine isiyo na mtu wa kuyajua maradhi yake ni chuma tu.

Wako wanaosema kosa ni la mafuta yaliyochanganywa. Mchezo huo upo, na mwaka 2011 Serikali ilipandisha ushuru wa mafuta ya taa ili kuukomesha. Lakini hata hilo halijulikani kwa kukisia. Hupimwa.

Kwa hiyo twapendekeza sharti moja: fedha isitoke mpaka njia ya mafuta ifuatwe tangu tangini. Kwanza mfuniko. Pili maji yaliyotuama chini ya chujio. Tatu mipira, isiwe imepasuka ikaingiza upepo. Nne chujio lenyewe, ambalo, kwa aibu yetu, hatuna hati ya kuonyesha lilibadilishwa lini. Hayo yakiwa salama, ndipo tuzungumze pampu na nozeli, na fundi atuonyeshe ubovu kwa macho.

Ndugu, karafuu mbichi zikilala ndani ya magunia njiani hupata joto na kugeuka mpeta. Msimu ukianza, lori likizimika, atakayelia si Katibu wala fundi, ni mwenye shamba aliyekwisha kuwalipa wachumaji. Katika mkutano ujao twakuombeni mlipitishe sharti hili, na litufunge sisi wa ofisini kwanza, kwani ndio tuliotia saini.