Kila mashini na namba yake

Juma hili tuongee juu ya biro yetu. Umeme ukikatika na kurudi, mashini ya kuchapisha huwa inapotea: ordinatere haziioni tena, na orodha ya likelemba inabaki bila kuchapishwa. Wengi wanasema imekufa. Hapana, imebadilishiwa namba tu.

Ruta ndiyo inagawia kila kifaa namba, mfano 192.168.1.105, na namba hiyo ni ya kuazima. Kwa simu haina neno. Lakini mashini ya kuchapisha inatafutwa na wote. Ikibadilishiwa namba ni kama mama aliyehama parsele bila kuaga.

Basi ruta tuipangie igawe 100 hadi 200, na mashini tuipe 192.168.1.20 ya kudumu. Tusichague namba ndani ya zile za kugawa: siku moja mgeni atapewa ileile kwenye simu yake, na vifaa viwili vitagombana. Wala tusichukue namba ya ruta yenyewe, ambayo mara nyingi inaishia na 1.

Namba hizo, pamoja na neno la siri la ruta, ziandikwe katika daftari. Daftari likae kwa mwandishi wetu, si kwa fundi.