Sanaa Mikononi mwa Mlezi Asiyeandaliwa



Kila mwaka, likizo kubwa inapokaribia, parokia zetu huchanga. Huchangia sinte, bafle, na vitambaa vya sare za watoto wanaocheza mbele ya altare. Hatuna neno na hayo. Sherehe ni sherehe. Lakini ni mara chache mno tumesikia parokia ikichanga ili mlezi wa watoto, yule kijana anayekabidhiwa kundi la Kizito-Anuarite kila Jumamosi alasiri, aende kujifunza namna ya kulea kwa wimbo, kwa picha na kwa mchezo wa kuigiza. Hudhaniwa kwamba Mkongomani huzaliwa akijua kuimba, basi anajua pia kufundisha kwa kuimba. Hayo ni mambo mawili, na sisi tunaoandaa walimu tunauona kila siku umbali uliopo kati yake.

Shuleni hali si tofauti. Kuchora na muziki vimeandikwa katika ratiba, lakini mtihani wa mwisho wa shule ya msingi ukikaribia, saa yake ndiyo ya kwanza kumezwa na hesabu. Tangu elimu ya msingi ilipotangazwa kuwa bila malipo mwaka 2019, madarasa mengi yamefurika, na mwalimu mwenye watoto 80 mbele yake hutuambia kwamba sanaa ni anasa ya shule za matajiri. Tunamwelewa, lakini hatukubaliani naye. Darasa la namna hiyo ndilo linaloihitaji zaidi. Agawe watoto mafungu mawili: hawa wapige kofi moja wakati wale wanapiga mawili, kisha manne, nusu na robo zitakuwa zimeingia masikioni kabla hazijaandikwa ubaoni. Haihitaji fedha. Inahitaji mwalimu aliyeizoea, kwa maana swali la kwanza ambalo walimu hutuuliza ni la haki kabisa: nikiisha kuwaamsha watoto 80, nitawatulizaje? Kuna njia zake. Kuna ishara ya mkono iliyokubaliwa tangu siku ya kwanza, kuna wimbo wa kushusha sauti hatua kwa hatua, kuna mtoto mpiga ngoma anayejua kwamba ngoma ikinyamaza wote hunyamaza. Njia hizi hazisomwi katika kitabu. Mtu huzishika kwa kuzifanya mbele ya mwenzake anayemtazama na kumsahihisha.

Wengine hutuambia kwamba mambo haya yametoka Ulaya. Wazee wetu wangeshangaa kusikia hivyo. Kwa Walega, katika chama cha Bwami, vinyago vidogo vya mti na vya pembe havikuwa mapambo: kila kimoja kilifungamana na methali, na methali iliimbwa na kuchezwa mbele ya yule anayepandishwa daraja, hata akaielewa kwa macho, kwa masikio na kwa miguu yake. Serikali ya kikoloni ilikipiga marufuku chama hicho mwaka 1948. Waluba nao walikuwa na lukasa, ubao wenye shanga ambao wajuzi waliupapasa kwa vidole wakisimulia historia ya wafalme. Hapa hatutetei ibada za Bwami. Tunasema tu kwamba mbinu hiyo ni ya ualimu, na ualimu wa daraja la juu. Na tuangalie jambo moja: hakuna aliyepewa lukasa mkononi bila kufundishwa kuisoma.

Mfano wa karibu zaidi uko Kamina. Padri Guido Haazen, Mfransisko kutoka Ubelgiji, aliunda huko kwaya ambayo mwaka 1958 ilisafiri Ulaya na kuijulisha dunia ile Missa Luba. Watu hukumbuka sauti. Sisi hukumbuka idadi: wavulana wa shule wapata 45, na pamoja nao walimu wao wapata 15. Walimu hawakusimama pembeni na fimbo. Waliimba ndani ya safu, mwanafunzi akisikia sauti ya mwalimu wake begani.

Iko sababu nyingine, nayo ndiyo iliyotusukuma kuandika. Katika Kivu zetu mbili na Ituri, walezi wengi sasa huwachezesha watoto waliokimbia vita. Mlezi mwenye nia njema huwagawia karatasi na kuwaambia: choreni mliyoyaona. Mtoto huchora nyumba inayoungua na mtu aliyelala njiani. Picha inatundikwa ukutani, wageni wanapita, wanaipiga picha kwa simu, wanaondoka. Kidonda kimefunguliwa, wala hakuna aliyebaki na mtoto yule jioni. Mlezi aliyeandaliwa hamwamuru mtoto la kuchora. Anajua kwamba picha ni mali ya aliyeichora, na kwamba haitundikwi bila ridhaa yake. Anajua pia amwendee nani mtoto akinyamaza ghafula katikati ya mchezo. Huku kwetu, asiyejua haya ni heri awape watoto mpira.

Madhara mengine ni madogo, lakini hudumu. Katika igizo la Mateso, Yuda hupewa nani? Mara nyingi ni yule yule, mtoto wa nyumba isiyo na mtetezi, ambaye mwezi wa kumi na mbili alikuwa Herode. Jina la igizo humfuata hadi kisimani. Kugawa nafasi ni sehemu ya malezi, na hatujaona mahali pengi ambapo mlezi hufundishwa kuigawa.

Tunachopendekeza si kikubwa. Wiki mbili za mwezi wa saba, walimu, makatekista na viongozi wa vijana wakae pamoja, bila hotuba ndefu. Wafinyange udongo, wachore kwa makaa, wabandike picha kwa maganda makavu ya mgomba, watunge igizo fupi kutoka katika somo la jiografia. Na kila mmoja, kabla ya kwenda zake, aongoze watoto halisi kwa saa nzima huku wenzake wakimtazama. Tunaamini kwamba fedha za sinte moja na bafle zake zingewalisha na kuwalaza.

Nao wakufunzi wasitafutwe mbali. Mama mfinyanzi, mzee mpiga ngoma, msuka vikapu, msimulizi wa hadithi: wengi wao wako katika benchi za mbele kila Jumapili, na hakuna aliyewahi kuwauliza kama wangekubali. Tunaomba mabaraza ya parokia yawaulize kabla bajeti ya likizo haijafungwa.