Kilo zinanaswa Lindi, fedha zinalala wapi?

Januari 2012 polisi walinasa kilo 210 za heroini Mchinga, kijiji cha pwani kaskazini ya mji wa Lindi. Aliyetajwa kuwa nyuma ya mzigo ule, Ali Khatib Haji Hassan, maarufu Shkuba, alikamatwa miaka miwili baadaye katika Uwanja wa Ndege wa Julius Nyerere. Machi 2016 Hazina ya Marekani ilimweka kwenye orodha ya vigogo wa dawa za kulevya, ikazuia mali yoyote yake inayoweza kufikiwa na mkono wa nchi hiyo, na ikadai kwamba alitumia sehemu ya faida kuhonga maofisa wa serikali Afrika. Mwaka 2017 alisafirishwa kwenda huko kujibu mashtaka.

Mpangilio huo unasema mengi. Waliofuata unga walikuwa Watanzania. Waliogusa fedha, hadharani angalau, walikuwa Wamarekani.

Sifa za kukamata mizigo zisipuuzwe. Desemba 2023 Mamlaka ya Kudhibiti na Kupambana na Dawa za Kulevya ilitangaza kunasa kilo 3,182 za heroini na methamfetamini Dar es Salaam na Iringa, baadhi zikiwa zimefichwa katika vifungashio vya kahawa na majani ya chai. Lakini tajiri wa unga huweka hasara ya namna hiyo kwenye hesabu zake tangu mwanzo, kama mfanyabiashara wa nyanya anavyohesabu zitakazooza njiani. Mzigo ukipotea ataagiza mwingine, maadamu mtaji upo.

Na mtaji huo unazungukaje? Majahazi huondoka pwani ya Makran, huko Iran na Pakistan, yakashuka na pepo za kaskazi, kisha hutia nanga mbali na nchi kavu kungoja boti ndogo. Aprili 2021 jahazi moja lenye mamia ya kilo lilinaswa upande wa Kilwa, na mabaharia wa kigeni wakatiwa mbaroni. Anayekwenda kupokea mzigo usiku kwa boti ya mashine hulipwa taslimu, na kwake hizo ni fedha za kutisha ukilinganisha na pweza na dagaa. Kwa mwenye mali ni posho tu.

Mara nyingi mzigo wenyewe haujalipiwa. Hutolewa kwa mkopo, na dhamana ya mkopo huo huwa ni binadamu. Kijana wa Kitanzania hupelekwa Pakistan, akaachwa kwa wenye mali hadi deni liishe. Mitaani wanasema amewekwa bondi. Unga ukinaswa, au bosi akigoma kulipa, anayeteswa ni yeye. Waliopona wamesimulia habari hizo magazetini kwa miaka mingi, na bado vijana wapya wanapatikana, kwa kuwa wanaoahidiwa safari na fedha hawaambiwi kwamba wao ndio rehani.

Deni likilipwa, si lazima noti hata moja ivuke bahari. Mtu anakabidhi shilingi dukani Kariakoo, na mwenzake wa mwenye duka anatoa dirhamu Dubai. Wawili hao watasawazisha baadaye kwa bidhaa. Hawala imewasaidia wafanyabiashara waaminifu wa Bahari ya Hindi kwa vizazi vingi, na kuipiga marufuku kungewaumiza wao kwanza. Faida inayobaki nchini ndiyo inayohitaji kufuliwa. Ghorofa linajengwa kwa fedha taslimu, saruji na nondo bila risiti, kwa jina la shemeji. Likikamilika, kodi ya wapangaji inaingia benki ikiwa safi. Hoteli yenye vyumba vitupu inaandika kila siku kuwa imejaa. Magari ya mtumba yanaagizwa kwa fedha chafu na kuuzwa kihalali.

Ng'ambo ya Ruvuma kuna mfano mkubwa zaidi. Juni 2010 Marekani ilimtaja Mohamed Bachir Suleman, mfanyabiashara tajiri wa Msumbiji, kuwa kigogo wa dawa za kulevya, na ikaliwekea vikwazo jengo lake la maduka, Maputo Shopping Centre. Alikana. Hata hivyo, ni nadra kuona tuhuma ya unga ikielekezwa kwenye jengo lenye ngazi za umeme na supamaketi, badala ya kuishia kwa mbebaji, "punda" aliyemeza kete.

Tanzania haina uhaba wa sheria. Ya mali zitokanazo na uhalifu ni ya 1991, ya udhibiti wa fedha haramu ni ya 2006. Novemba 2018 jijini Arusha, kisha mapema 2019 Dar es Salaam, Benki Kuu iliyavamia maduka ya kubadilishia fedha, wanajeshi wakiwepo. Yalikuwa maonyesho makubwa. Mwaka huo huo wa 2019 shtaka la utakatishaji fedha, lisilo na dhamana, lilimwangukia mwandishi wa habari Erick Kabendera. Shtaka lililokusudiwa wababe wa unga likigeuzwa fimbo ya kuchapia kila mtu, wananchi huacha kuliamini, na hilo ni pato jingine kwa wababe.

Wakati dhahabu ya Sofala ilipopitia Kilwa, faida yake ilijenga kasri la Husuni Kubwa, na magofu yake yanaonekana hadi leo. Unga unapita maji yale yale bila kuwaachia Kilwa wala Mchinga hata kisima, isipokuwa mateja.

Juni 2025 Tanzania iliondolewa kwenye orodha ya kimataifa ya nchi zinazofuatiliwa kwa karibu kuhusu fedha haramu, ilikoingizwa Oktoba 2022. Sasa kipimo kihamie nyumbani. Tangu 2020 sheria inazitaka kampuni zimtaje kwa BRELA, wakala wa usajili wa kampuni, mmiliki manufaa, yaani anayefaidi kweli nyuma ya jina lililoandikishwa. Daftari hilo lilinganishwe na hati za viwanja vya Dar es Salaam na za fukwe zinazouzwa kuanzia Kilwa Masoko hadi Lindi. Na kamishna wa Mamlaka ya dawa za kulevya atakapotangaza tena tani zilizokamatwa, waandishi wamuulize ni nyumba ngapi zimetaifishwa, na ziko mtaa gani.