Nani Kamfuga Nunda?

Juzi, baada ya sala ya alasiri, nilikuwa pwani ya Fumba, pale ngalawa zinapopandishwa mchangani, nikawakuta vijana wameizunguka simu moja wakitazama dude la sinema likiporomosha majumba ya ghorofa, na mzee aliyekuwa kando akitengeneza wavu wake akawauliza swali ambalo hakuna aliyelipatia jawabu: "Wanangu, dude hilo nani kalifuga?"

Kwangu mimi, maana yote ya madude haya imo katika swali lile. Sinema ya Godzilla ilipotoka Japani mwezi wa Novemba 1954, watazamaji hawakuwa na haja ya kuulizana, kwani tarehe 1 Machi mwaka ule ule Marekani ilikuwa imejaribu bomu la haidrojeni huko visiwa vya Bikini katika Pasifiki, na majivu yake yenye sumu yakawanyeshea wavuvi 23 wa jodari waliotoka kutafuta riziki yao, watu wa kazi ile ile ya mzee wetu wa Fumba. Hata dude lililoamshwa na mabomu ya namna hiyo lilipoikanyaga Tokyo, mji uliokwisha kuteketezwa kwa moto wa vita mwaka 1945, kila mtu aliijua asili yake.

Walakini elimu hii, ya kwamba dude huwa na aliyelifuga, kwetu ni ya kale. Katika hadithi za Unguja alizozikusanya Edward Steere na kuzipiga chapa London mwaka 1870, imo ya Sultani Majinuni na paka wake, aliyeanza kwa kula mifugo, na kila raia walipokwenda kushitaki wakajibiwa kwamba paka ni wa Sultani na mifugo ni ya Sultani, hata akazoea damu, akahamia porini, akala wapita njia, na mwisho akawaua wana wa Sultani mwenyewe. Ndipo baba akakiri kuwa yule si paka tena, ni nunda mla watu.

Sinema nyingi za leo zimelisahau jambo hili. Dude hushuka kutoka mbinguni bila mfugaji, likauawa, na watu wakarudi makwao bila ya yeyote kuhisabiwa. Hizo kwangu ni kelele tu.

Basi nawasihi watengenezaji filamu wetu, ambao tangu mwaka 1998 tamasha la filamu la Zanzibar huwakusanya Ngome Kongwe, watutengenezee Nunda, na waanze na paka mdogo aliyelala miguuni pa Sultani, na raia waliosimama mlangoni wakishitaki.