Majibu ya Maabara ni Haki ya Mgonjwa, na kwa Lugha Aijuayo

Katika mitaa ya mashariki ya jiji la Nairobi, kuanzia Makadara na Buruburu hadi Umoja, Kayole na Dandora, mgonjwa aghalabu huibeba historia ya maradhi yake kwapani. Ni daftari la shule ambamo mhudumu wa zahanati huandika alichokiona na dawa alizotoa. Daftari likilowa mvua au likisahaulika katika matatu, historia nayo imepotea. Majibu ya maabara yana hali mbaya zaidi, kwani mengi hubaki katika faili za kituo kilichopima, na mwenye damu huambiwa kwa kinywa tu kwamba damu yake "imepungua". Imepungua kiasi gani? Akipewa rufaa kwenda hospitali kubwa, huenda akadungwa upya na kulipia upya kipimo alichofanyiwa juma lililotangulia.

Sheria ya Afya Dijitali ya mwaka 2023 ilinuia kulitibu tatizo hili. Iliunda Wakala wa Afya Dijitali na kuagiza kuwepo kwa mfumo mmoja wa kuunganisha kumbukumbu za afya. Safari yake haikuwa nyepesi: Julai 2024 Mahakama Kuu iliitangaza kuwa kinyume cha Katiba, na Septemba mwaka huo Mahakama ya Rufani ikasimamisha utekelezaji wa hukumu hiyo. Hayo tuwaachie wanasheria. Linalotuhusu ni kwamba mjadala wa kumbukumbu hizi umeegemea mno hospitali kupashana habari na bima kuhakiki madai. Mgonjwa mwenyewe hutajwa mwishoni, kama mgeni katika arusi yake.

Kwa maoni yangu, kila kituo, kiwe cha umma au cha kibinafsi, hakina budi kulazimishwa kuyaingiza majibu katika kumbukumbu za kielektroniki na kumfungulia mgonjwa ayaone. Marekani ilipitisha sheria ya namna hii mwaka 2016, na kanuni zake zikaanza kutumika Aprili 2021. Kwetu, Ibara ya 35 ya Katiba ya 2010 tayari inampa raia haki ya kupata habari anazozihitaji ili kulinda haki zake, hata zikiwa mikononi mwa mtu binafsi.

Wapo wanaopinga kwa kuhofia kwamba mgonjwa atayasoma majibu peke yake na kutishika. Hoja hiyo hainishawishi, maana kutojua nako hutisha. Nzito zaidi ni hoja ya siri. Katika nyumba ya chumba kimoja, simu moja huenda ikatumiwa na watu watatu, na jibu la VVU likitumwa humo litasomwa na asiyehusika. Sheria ya mwaka 2006 kuhusu VVU na UKIMWI inailinda siri hiyo. Basi mgonjwa aulizwe kabla ya kupimwa: anataka karatasi, simu, au kuja mwenyewe?

Hata hivyo, mlango ukifunguliwa na maandishi yakawa hayasomeki, tutakuwa tumefungua nini? Kifungu cha 8 cha Sheria ya Afya ya 2017 kinamtaka mhudumu amweleze mgonjwa kwa lugha anayoielewa, "inapowezekana". Neno hilo moja limekuwa kichaka cha kujifichia. Mama mjamzito wa Kayole anayeona "Hb 8.2" hajaambiwa kitu, ilhali Shirika la Afya Duniani huhesabu kiwango hicho kuwa upungufu wa damu kwa mjamzito.

Hapa ndipo vyama vyetu vya Kiswahili vinapoitwa kazini. Tumekesha tukijadili istilahi za isimu. Fomu ya maabara hatujaigusa. Vipimo vya kawaida vya kliniki ya wajawazito havijazi ukurasa mmoja: himoglobini, kundi la damu, sukari, protini katika mkojo, kaswende, VVU. Ukurasa huo waweza kutafsiriwa muhula huu, pamoja na wauguzi wa Pumwani au Mama Lucy Kibaki, kabla mfumo mpya haujajazwa Kiingereza kitupu.