Nyumba na Jamaa: Hesabu ya Mkufu wa Karatasi

Mshahara wa askari huja mara moja kwa mwezi, lakini watoto hula kila siku. Ndiyo sababu wake wengi wa askari na polisi hutafuta kazi isiyohitaji shamba wala duka, ifanyikayo barazani huku chungu kikiwa motoni, na iwezayo kufungwa katika mfuko mmoja siku ya uhamisho. Nchini Uganda kazi ya mikufu, bangili na herini za shanga za karatasi inatimiza masharti hayo yote. Inatimiza na sharti moja lisilosemwa mara nyingi: inaweza kumtajirisha kidogo mama mmoja kwa jasho la jirani yake, wala wote wawili wasitambue.

Kazi hii ilipata sifa kutoka Kireka, mashariki mwa Kampala. Hapo walikaa watu wengi waliokimbia vita vya kaskazini, na wengi wao walipata riziki kwa kuponda mawe katika machimbo. Mwaka 2004 wageni kutoka Marekani walimkuta huko mama mmoja akiviringisha shanga kwa karatasi chakavu. Walivutiwa, wakanunua, na kutokana na mkutano huo likazaliwa shirika la BeadforLife, lililopeleka shanga hizo ng'ambo. Akina mama walioingia humo hawakuahidiwa soko la milele. Walihimizwa kuweka akiba na kuanzisha shughuli nyingine. Shauri hilo lilikuwa la busara, kwa maana mapambo hufuata mtindo, na mtindo hauna huruma kwa mtu aliyejaza sanduku zima kwa rangi ya mwaka jana.

Ufundi wenyewe si mgumu, ila unataka macho na subira. Karatasi ngumu kidogo na yenye kung'aa, kama ya kalenda au jarida, hupigwa mistari kwa rula na kukatwa pembetatu ndefu nyembamba. Kipande huanza kuviringishwa kwenye sindano kutoka upande mpana, kikikazwa sawasawa, na ncha yake hushikizwa kwa gundi. Ndipo ushanga hutokea ukiwa umenenepa katikati na kusinyaa pembeni. Pembetatu ikikatwa kombo, ushanga nao huwa kombo, wala vanishi haifichi kosa hilo. Shanga zikikauka hutungwa kwenye waya na kupakwa vanishi mara mbili au tatu, kila mkono ukiachwa ukauke kwanza. Kazi ya vanishi haifai kufanywa chumbani wala karibu na jiko la mkaa, kwa kuwa mvuke wake huumiza kifua na hushika moto upesi. Nyumba nyingi za kambini zina chumba kimoja tu, na mtoto mchanga amelala humo humo. Basi vanishi ipakwe nje.

Hapo ndipo mama wengi husimama katika hesabu: karatasi ni ya bure, gundi ni rahisi, mkufu umeuzwa shilingi 5,000, faida imepatikana. Lakini yafaa hesabu hiyo ifunguliwe upya, tena katika daftari. Tuseme mkufu una shanga 80. Karatasi, gundi, vanishi, uzi na kishikizo vimegharimu shilingi 2,000, na sehemu yake ya nauli ya kwenda sokoni ni shilingi 500. Zimebaki 2,500. Ikiwa kila ushanga umechukua dakika mbili kuviringishwa, hizo ni dakika 160. Kukata, kupaka na kutunga kumechukua dakika nyingine 80. Mama amefanya kazi saa nne kamili, na kila saa imemlipa shilingi 625. Je, angekubali ujira huo kama angeajiriwa na mtu mwingine? Asipokubali, basi bei ya mkufu si ya haki kwake mwenyewe, na hapo ndipo pa kuanzia kabla ya kuzungumza juu ya haki za wengine.

Sasa biashara imekua, naye anampa jirani shanga aviringishe, kwa malipo ya shilingi 10 kila moja. Kwa masikio bei hiyo si mbaya. Kwa shanga 80 jirani atapata shilingi 800, naye atakaa dakika 160; maana yake ni shilingi 300 kwa saa. Mwenye biashara atabakiwa na shilingi 1,700 kwa dakika zake 80, ambazo ni shilingi 1,275 kwa saa. Vidole vya jirani vimefanya sehemu kubwa ya mkufu, navyo vimelipwa chini ya robo ya mwenzake. Ni kweli kwamba mwenye mali ndiye anayepoteza siku sokoni, ndiye anayebeba hasara ya mikufu isiyouzwa, na ndiye aliyenunua vanishi kwa fedha yake. Hakuna anayedai wagawane nusu kwa nusu. Hata hivyo, akiuza mkufu huo huo shilingi 8,000 kwa watalii, katika soko la kazi za mikono lililo nyuma ya Ukumbi wa Taifa wa Michezo mjini Kampala, na kumlipa jirani shilingi 25 kwa kila ushanga, jirani atapata 2,000, yaani shilingi 750 kwa saa, na yeye mwenyewe atabakiwa na 3,500. Wote wawili wamesogea mbele. Kilichohitajika ni kukata pembetatu kwa unyoofu zaidi ili mkufu ustahili bei hiyo, na ujasiri wa kuitaja mbele ya mnunuzi bila kuangalia chini.

Katika kambi jambo hili lina uzito kuliko mtaani, kwa sababu ya vyeo. Mke wa sajini anapompa kazi mke wa askari asiye na cheo, jirani huyo si huru kukataa bei. Anajua kwamba mume wake hupangiwa zamu na mume wa mwenye shanga. Akiambiwa, "Mama, chukua tu, tutahesabiana baadaye," atajibu kwa adabu, "Hakuna neno, mama," hata kama nyumbani hana unga. Jibu hilo lisichukuliwe kuwa ni mkataba. Afadhali bei itajwe wazi kabla ya kazi, mbele ya wote wanaoviringisha, tena iwe moja kwa kila mtu. Shanga zihesabiwe na wawili na kuandikwa, na malipo yatolewe siku zinapopokewa, wala yasingoje mkufu uuzwe. Anayelipwa baada ya kuuza ndiye anayemkopesha mwenye biashara, na haifai mke wa sajini akopeshwe kwa lazima na mke wa askari wake. Watoto nao wasifanywe mashine: kumsaidia mama kutunga mkufu mmoja jioni ni malezi, bali kumkosesha mtoto masomo kwa ajili ya shanga 200 ni jambo jingine kabisa.

Malighafi pia huulizwa ilikotoka. Mabaki ya wachapaji wa Barabara ya Nasser mjini Kampala ni halali yakiombwa au kununuliwa. Karatasi za kituo cha polisi si halali, hata zikiwa zimepauka; jalada la kesi haliwezi kugeuzwa kidani kisha likatafutwa mahakamani. Hali kadhalika maganda ya risasi. Shaba yake huvutia macho ya sonara, lakini baada ya shabaha ganda ni mali ya serikali na lina hesabu yake, na mume asiombwe kulileta nyumbani ati ni zawadi.

Anayetaka kuchanganya karatasi na kitu kizito zaidi ana pembe za ng'ombe wa Ankole, zinazobaki baada ya kuchinja. Hulainika kwa joto, hukatwa, husuguliwa na kung'arishwa hadi zikatoa rangi za asali, maziwa na usiku. Pembe ya ndovu isiguswe kamwe. Biashara yake kati ya nchi na nchi ilipigwa marufuku kwa mapatano ya mwaka 1989, na mwezi Oktoba 2022 mahakama mjini Kampala ilimhukumu mtu kifungo cha maisha kwa kukutwa nayo. Pembe ya ng'ombe iuzwe kwa jina lake. Ni nzuri vya kutosha bila kuazima jina la ndovu.

Ukweli huo umfikie na mnunuzi wa karatasi. Aambiwe kwamba vanishi huzuia jasho na manyunyu, lakini mkufu ukiogewa kila siku utavimba na kufumuka. Wako pia wauzaji wanaosimulia kwamba kila ushanga umetengenezwa na yatima au mjane, kwa kuwa mgeni akihurumia hutoa noti kubwa. Mke wa polisi ambaye mume wake yu hai na yuko kazini hana haki ya kumzika kwa maneno ili auze herini. Aseme tu kwamba ameziviringisha yeye na jirani zake watatu, na kwamba kila mmoja amelipwa.

Barua ya uhamisho nayo haina wakati maalumu. Siku itakapokuja, daftari lifunguliwe jioni ile ile kabla ya mizigo kufungwa: nani anadai shanga ngapi, nani alichukua gundi, mkufu wa nani uko sokoni bado. Deni la shilingi 2,000 likivuka kutoka Jinja hadi Arua halirudi tena, na mwenye kulidai ataona haya kutuma ujumbe. Rula na sindano zitaingia mfukoni. Kigezo cha pembetatu, kile kipande cha bati kilichokatwa vizuri, aachiwe jirani aliyekuwa akiviringisha kwa unyoofu kuliko wote. Kukata kingine huko waendako ni kazi ya robo saa.